Akili timamu, maneno yamekwama

Mtu hulala akiwa mzima. Asubuhi anaamka mkono wa kulia umekuwa mzito kama gogo, mdomo umekwenda upande, na anapotaka kumwomba mkewe maji, linalotoka ni neno jingine kabisa. Mke anauliza, "Baba Akinyi, unasemaje?" Naye anarudia neno lile lile, mara ya pili na ya tatu, akikasirika kwa sababu kichwani mwake anajua vyema kwamba anataka maji.

Kabla ya jioni, boma litakuwa limejaa maelezo. Yupo atakayesema mzee amerukwa na akili. Yupo atakayenong'ona habari za chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa. Mwingine atamtaja jirani mwenye wivu. Hospitalini daktari atasema ni kiharusi, na hapo atakuwa amesema kweli. Lakini mara nyingi familia hurudi nyumbani ikiwa na jina la ugonjwa mmoja tu, wakati mgonjwa ana matatizo mawili. Tatizo la pili, lile la maneno, linaitwa afasia.

Afasia ni kupotea au kuharibika kwa uwezo wa kutumia lugha baada ya ubongo kuumia. Kwa watu wengi lugha inaongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo sababu kupooza upande wa kulia na kupotewa na maneno huandamana mara kwa mara. Inakadiriwa kwamba theluthi moja hivi ya wanaonusurika kiharusi hupata afasia, wengine kwa wiki chache, wengine maisha yao yote.

Mwaka 1861, daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa mmoja katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris. Mtu huyo alikuwa hawezi kutamka chochote ila silabi "tan", hata wahudumu wakazoea kumwita Tan. Alikuwa akielewa sehemu kubwa ya aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Miaka 13 baadaye Mjerumani Carl Wernicke akaeleza afasia ya aina nyingine: mtu anasema kwa ufasaha, maneno yanamiminika, lakini hayana maana, na mwenyewe haelewi vyema anayoambiwa.

Msomaji ayashike mambo haya mawili, kwani nyumbani huchanganywa. Mwenye afasia ya Broca husema kwa shida, neno moja moja kama simu ya zamani ya maandishi: "Kesho... matatu... daktari." Huyu watu humhurumia. Yule wa Wernicke ndiye anayedhaniwa kuwa mwendawazimu, maana anazungumza haraka na haeleweki. Wote wawili wanazo akili zao. Wanawajua watoto wao, wanajua ng'ombe wangapi wamo zizini, wanajua nani anawadai na nani wanamdai.

Kosa jingine ni kumpa mgonjwa kalamu na kumwambia, "Basi andika." Afasia haikai ulimini. Inashika lugha yenyewe, hivyo kusoma na kuandika huathirika pia, na ujumbe wa simu vile vile. Mtu ambaye ulimi wake umelegea tu, lakini lugha yake ni nzima, ndiye anayeweza kuandika anachotaka. Hiyo ni hali tofauti, ingawa mtu anaweza kuwa na zote mbili kwa pamoja.

Mbona tuzungumze habari hizi kuhusu Homa Bay na Migori? Ni kwa sababu kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza zimebeba magonjwa mengi yanayoweza kuumiza ubongo. Shinikizo la damu lipo kama kwingineko nchini, na wengi hawajui kama wanalo. Virusi vya Ukimwi, ambavyo vimelisumbua eneo hili kuliko karibu eneo jingine lolote la Kenya, huongeza hatari ya kiharusi hata kwa vijana. Ugonjwa wa seli mundu, ulioenea katika ukanda wa ziwa wenye malaria nyingi, huweza kumpiga mtoto wa shule kiharusi. Malaria kali nayo haikosi. Uchunguzi uliofanywa Kilifi katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kasoro ya lugha. Na kuna bodaboda, ambazo majeruhi wake wa kichwa hawahitaji kuelezwa katika ukurasa huu.

Kwa hiyo mwenye afasia si lazima awe mzee wa miaka 70. Anaweza kuwa mvuvi wa Mbita mwenye miaka 38, mkulima wa miwa wa Awendo, mama muuza omena, au mwanafunzi wa darasa la sita.

LUGHA IPI?

Jambo moja hufanya afasia ya Migori iwe na sura yake. Mtu wa Migori mjini hupata lugha nne kabla ya chakula cha mchana. Nyumbani ni Dholuo au Kikuria, sokoni Kiswahili, ofisini Kiingereza, na kwa jirani labda Ekegusii. Huko Rusinga na Mfangano wapo wazee ambao bado wana Olusuba. Je, kiharusi kikija, kinachukua lugha gani?

Swali hili limewashughulisha wataalamu tangu karne ya 19. Jibu ni kwamba hakuna kanuni moja. Mara nyingi lugha zote huumia pamoja na kurudi pamoja. Mara nyingine moja hutangulia kurudi, na si lazima iwe ile ya mama. Huenda ikawa ile iliyotumiwa zaidi kabla ya ugonjwa. Mwalimu mstaafu anaweza kurudiwa na Kiingereza cha darasani huku Dholuo ikimponyoka, na familia ikadhani anajivuna.

Kiswahili chenyewe kimechunguzwa. Kati ya mwaka 2011 na 2013, mtafiti Tom Abuom pamoja na Roelien Bastiaanse wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, na wenzao, walitoa makala za kitaalamu kuhusu wagonjwa wa afasia wanaosema Kiswahili na Kiingereza. Moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba kuzungumzia wakati uliopita kuliwatatiza wagonjwa kuliko wakati uliopo au ujao, tena katika lugha zote mbili. Kwa maneno mengine, "alikula" ni mlima mkubwa kuliko "anakula" na "atakula". Mwenye kumhudumia mgonjwa ajue hilo. Swali la "Jana ulikwenda wapi?" linaweza kuwa gumu maradufu, na likikosa jibu isidhaniwe kwamba kumbukumbu imekwisha.

Vipimo vingi vya afasia vilitungwa kwa Kiingereza, kwa picha za vitu vya Ulaya na Marekani. Kumwonyesha bibi wa Karungu picha ya theluji na kumwuliza jina lake si kumpima afasia.

MTAALAMU YUKO MBALI

Tiba ya usemi na lugha inasaidia. Mwaka 2016, mapitio makubwa ya shirika la Cochrane yaliyokusanya majaribio 57 yenye washiriki 3,002 yalionyesha kwamba mazoezi haya huwaongezea wagonjwa uwezo wa kuwasiliana, na kwamba mazoezi ya mara kwa mara huenda yakafaa zaidi. Shida ni kuyapata. Kenya ina wataalamu wachache wa tiba ya usemi ikilinganishwa na wanaowahitaji, na wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Mgonjwa wa Nyatike au Ndhiwa, aliyepooza mguu, ambaye kupanda matatu ni mpaka abebwe, hawezi kuambiwa aende Nairobi mara tatu kwa wiki. Hata Kisumu, kwenye hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ni safari ya kuuziwa mbuzi.

Hapo ndipo vikundi vya kusaidiana vinapoingia, na ni vyema kueleza kwamba havikubuniwa kama mbadala wa maskini. Mwaka 1979, huko Toronto, Kanada, mama mmoja aitwaye Pat Arato alianzisha kituo cha wenye afasia baada ya mumewe kupatwa na kiharusi na huduma ya hospitali kumwishia. Alianza na watu wa kujitolea. Baadaye kituo hicho kikawa Taasisi ya Afasia inayojulikana duniani kote. Mtaalamu wake, Aura Kagan, alishikilia hoja moja: mazungumzo ni ya watu wawili, kwa hiyo ukimfundisha yule asiye mgonjwa namna ya kuzungumza, yule mgonjwa pia atasema zaidi.

Hoja hiyo ilijaribiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Kagan na wenzake waliwachukua watu 40 wa kujitolea, nusu wakafundishwa mbinu za mazungumzo na nusu wasifundishwe, kisha wakazungumza na wenye afasia. Waliofundishwa walizungumza vizuri zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lililofurahisha ni kwamba wagonjwa waliozungumza nao walionekana kuweza zaidi, ingawa wao wenyewe hawakufundishwa chochote.

Kwa wakazi wa Homa Bay na Migori, wazo la watu wa kawaida kujifunza kumhudumia mwenzao si geni hata kidogo. Nitathubutu kusema wanalijua kuliko watu wa Toronto.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 likaanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi katika hospitali ya wilaya, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa ndoto kwa Mkenya wa kawaida. Mwaka 2012 uchunguzi wa shirika hilo huko Ndhiwa ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana virusi. Dawa peke yake hazingetosha. Kilichowatoa watu mafichoni ni vikundi: wanawake waliokutana chini ya mti, waliojiwekea akiba, waliokumbushana vidonge, waliomfuata nyumbani aliyekosa kliniki. Ugonjwa ule nao uliitwa chira mwanzoni. Waliolifuta neno hilo ni wagonjwa wenyewe, kwa kusimama kanisani na kwenye baraza la chifu na kusema, "Mimi ninavyo, na niko hai."

Huko Kamagambo Kaskazini, Rongo, kaunti ya Migori, ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', walishirikiana na jamii yao kufungua zahanati ya Lwala mwaka 2007. Kazi iliyoota hapo iliwaingiza hata wakunga wa jadi katika jeshi la wahudumu wa afya wa vijijini. Yaani mtu aliyekuwa akihesabiwa kuwa nje ya hospitali akawa mlango wake.

USHUHUDA BILA MANENO

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na anayetaka kuanzisha kikundi cha wenye afasia asipoiona atashindwa mwezi wa kwanza. Silaha ya vikundi vya Ukimwi ilikuwa ushuhuda, na ushuhuda ni maneno. Mwenye afasia ananyang'anywa silaha hiyo kabla hajafika. Ukimketisha katika mkutano wa watu 30 wanaosema kwa zamu, na mwenyekiti mwenye haraka, atakaa kama mgeni kwenye harusi ya watu asiowajua. Wiki ijayo hatakuja.

Kikundi chake kiwe kidogo, watu sita hadi wanane hivi pamoja na wanaowatunza. Redio izimwe. Kelele za soko zisiwe karibu. Azungumze mmoja kwa wakati, na habari iwe moja. Anayemsemesha amtazame usoni, atumie sentensi fupi, lakini kwa sauti ya kawaida, maana mgonjwa si kiziwi, wala si mtoto. Kisha angoje. Kungoja ndiko kugumu. Wengi wetu hatuwezi kuvumilia kimya cha sekunde kumi bila kumkamilishia mtu sentensi yake, na kila tunapomkamilishia tunamwambia kwamba hatuna haja ya kumsikiliza.

Neno kuu liandikwe kwa herufi kubwa karatasini na kuonyeshwa huku likitamkwa. Ziwepo picha, nazo ziwe za kwao: nyavu, ngege, omena, jembe, muwa, jani la tumbaku, mashimo ya dhahabu ya Macalder, kanisa, kliniki, kadi ya simu. Iwepo ramani ya kuchora kwa mkono yenye vijiji vya wanachama. Mtu asiyeweza kutamka "Sindo" anaweza kuigusa. Anayeshindwa kutaja idadi aonyeshe kwa vidole. Na ikiwa humwelewi, usiitikie kama kwamba umeelewa. Mwambie, "Mzee, hilo halijanifikia, tujaribu tena." Atakuheshimu.

"Ndiyo" na "hapana" zinahitaji uangalifu wa pekee. Wapo wenye afasia ambao hutikisa kichwa kukubali wakiwa na maana ya kukataa. Kwa hiyo swali muhimu liulizwe mara mbili, kwa njia mbili: "Unataka kwenda hospitali?" halafu baadaye, "Unataka kubaki nyumbani?" Akisema ndiyo kwa yote mawili, bado hujapata jibu.

Hili si jambo dogo. Mkono wa kulia umepooza, hivyo sahihi ya benki haifanani na ya zamani. Nambari ya siri ya M-Pesa imepotea kichwani, au anaijua lakini vidole vinabonyeza nyingine. Ghafla mtu aliyelisha familia anaomba pesa zake mwenyewe kwa ishara, na kijana wake ndiye anayeamua. Shamba linaweza kuuzwa kwa kutikisa kichwa ambako hakuna aliyekuhakiki. Kikundi chenye watu wanaojua kuuliza kwa njia mbili ni shahidi bora kuliko jamaa mwenye haraka ya mgao. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kitabu cha picha cha mzee wa Oyugis ni njia ya mawasiliano, na karani wa benki au wa ofisi ya ardhi hana sababu ya kukicheka.

Halafu kuna nyimbo. Kila aliyemuuguza mwenye afasia ameshangazwa na jambo hili: mtu asiyeweza kuomba chumvi anaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani bila kukosea neno. Sala ya kila siku, kuhesabu moja hadi kumi, siku za wiki, hata matusi, huweza kubaki wakati maneno mengine yamekwenda. Yaliyokaririwa kwa miaka mingi, hasa yenye sauti ya muziki, hayategemei njia zile zile za ubongo. Mnamo 1973, wataalamu wa Marekani walieleza tiba inayotumia kiimbo kumwongoza mgonjwa kutoka kuimba kifungu kifupi hadi kukisema, na leo zipo kwaya za wenye afasia katika nchi kadhaa.

Mtu asidanganyike kwamba kuimba ni kupona. Wimbo ni wimbo, na kuomba chumvi ni kazi nyingine. Lakini kwa aliyenyamaza miezi minne, kusikia sauti yake mwenyewe ikitoa maneno kamili mbele ya wenzake ni kitu kikubwa. Na katika eneo ambalo Waadventista wamekuwa wakifundisha nyimbo tangu walipofungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na ambalo kila dhehebu lina kwaya yake, mwalimu wa kwaya hatafutwi mbali.

Wanaowatunza nao wasisahaulike. Mara nyingi ni mke, binti au mkwe, ambaye sasa ni muuguzi, mkalimani na mtafuta riziki. Anachoka, na hana wa kumweleza, maana aliyekuwa akimweleza mambo yake ni huyo huyo mgonjwa. Kikundi kizuri huwapa nusu saa yao peke yao, wagonjwa wakiwa na watu wengine. Yatakayosemwa humo hayatakuwa mazuri yote, na yasitoke nje.

Kuhusu lini kuanza, mapema ni bora. Miezi ya kwanza baada ya kiharusi ndiyo inayoleta nafuu kubwa zaidi, ingawa wapo wanaoendelea kupata maneno mapya baada ya miaka. Aliyeambiwa "miezi sita imepita, basi" aliambiwa vibaya. Lakini dalili zinapoanza, yaani uso kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika, hapo hakuna habari ya kikundi. Ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, kwani madhara yanaongezeka kila dakika.

Vyombo vya kazi vipo kwa sehemu. Tangu mwishoni mwa 2023 serikali imewasambaza wahudumu 100,000 wa afya ya jamii nchini, na mfuko wao una kipimo cha shinikizo la damu. Wanaingia katika nyumba, hivyo wanawaona watu waliofichwa chumba cha nyuma ambao hospitali za rufaa za Homa Bay na Migori hazijui kama wapo. Mhudumu akifundishwa kwa siku moja tu kutofautisha afasia na wazimu, atawapata wanachama. Afisa wa maendeleo ya jamii atakisajili kikundi kama vingine vyote. Mtaalamu wa usemi, akipatikana hata mara moja kwa miezi mitatu, afundishe wasimamizi badala ya kumtibu mmoja mmoja. Mahali pawe ghorofa ya chini, pasiwe na ngazi. Na siku ya kukutana iwe ile ya kliniki ya shinikizo la damu, kwa kuwa siku hiyo nauli ya kufika mjini huwa imekwisha kulipwa.